Hewa ya Wodi ya Watoto

4 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Naanza na salamu kwanza, maana nikianza na mengine utasema mjini wamenifundisha kukosa adabu. Magoti yanasemaje? Binti yangu Chiriku bado anaanza kuongea asubuhi kabla hajafumbua macho?

Mimi nimefika salama, siumwi popote ila shingo, na hiyo ni ya basi. Nakuandikia kwa kalamu kama tulivyokubaliana, kwa kuwa mimi na wewe kwenye simu ni vurugu tupu: mimi napiga kelele, wewe unaitika "eeh, eeh", kumbe hujasikia hata neno moja. Barua inachelewa, lakini ikifika inasikika.

Nimepanga chumba nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Dirisha ni moja na linatazama ukuta. Kitanda ni kipana kuliko mtu mmoja.

Kazi yenyewe iko hivi. Hospitali ni ya zamani, na dari za wodi zote ni za asbestosi, zile shiti za kijivu unazozijua. Mabomba ya maji moto nayo yamezungushiwa kitu hicho hicho. Ikiwa nzima na imetulia haina neno sana. Ikikatwa au ikivunjika inatoa nyuzi ndogo ambazo jicho halizioni. Ukizivuta zinakaa kwenye pafu na hazitoki, na miaka mingi baadaye, mtu keshasahau, ndipo anaanza kuugua. Sasa zinaondolewa zote. Kampuni inayoziondoa ina watu wake, mimi si wa kwao. Mkataba unasema anayeondoa asbestosi asijipimie hewa mwenyewe. Apime mtu mwingine, aliyeajiriwa na hospitali. Mtu huyo ni mimi. Wakati wanafanya kazi ndani ya hema lao la plastiki, mimi nazungusha pampu zangu nje yake. Zinavuta hewa polepole kupitia kwenye kichujio, na kichujio nakipeleka maabara kikatazamwe kwa darubini. Wakimaliza wodi, napima ndani. Nikisema bado, haingii mtu.

Kazi inaisha mwezi wa tano. Nitakuja nimchukue Chiriku, ili mwezi wa sita aanze shule huku nilipo. Iko moja karibu, nimekwenda kuitazama. Unasemaje, mama?

Mwanao


1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imezunguka na kondakta mpaka bahasha imepata mafuta ya gari. Magoti yapo, yananiambia habari za mvua kabla wingu halijatokea. Masikio ndiyo hayo, mashine za kiwanda ziliyala zamani. Kilichobaki kinanitosha kumsikia huyu binti yako, ambaye kwa bahati nzuri sauti yake inapita ukuta.

Nimewaambia majirani unapima hewa. Yule fundi cherehani wa pembeni akauliza, "Anapima kwa kilo au kwa debe?" Nikamwambia, "Anapima kwa ukubwa wa mdomo wako." Hajanisemesha tangu juzi, na kweli hewa imekuwa nzuri.

Chiriku hajambo. Jino la chini limetoka, amelificha na hataki kusema wapi. Jioni nikiwasha jiko ndipo anapokuulizia. "Mama anakuja kesho?" Nasema bado. "Kesho kutwa?" Bado. "Mtondo?" Bado. "Mtondogoo?" Bado. Zaidi ya hapo hana neno, basi anachezea majivu.

Bati la jikoni linavuja. Mjomba wako ameahidi kuja kulitengeneza, kwa hiyo tumeshazoea kulowa.

Vaa hiyo barakoa vizuri. Usiivae kidevuni kama nilivyowaona wengine.

Mama yako


29 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimecheka habari za fundi cherehani mpaka mwenye duka akaja kuchungulia nina mgeni gani. Sina mgeni, nilikuwa na barua tu.

Hujanijibu habari ya Chiriku kuja huku. Labda ulisahau.

Wodi ya wanaume imepita, na ya wazazi imepita. Laiti ungeona kazi yenyewe. Watu wanaingia wamevaa nguo nyeupe za kutupwa toka kisigino hadi utosini. Shiti wanazilowesha maji kwanza, wanazishusha nzima nzima kama mtu anayempokea mgonjwa, wanazitia kwenye mifuko miwili miwili. Wakitoka wanaoga hapo hapo kabla hawajagusa nguo za nyumbani. Wakikaa nje kunywa chai wanatazamana kama watoto waliotoka kuogeshwa. Msimamizi wao tunamwita Bwana Kesho, kwa sababu kwake kila kitu kinaisha kesho. Si mtu mbaya. Ana kicheko kizuri na huwa ananiachia kiti.

Sasa tuko wodi ya watoto. Ukutani kuna treni imechorwa, imezunguka chumba kizima na kila behewa lina mnyama wake. Vitanda vimetolewa vikapangwa koridoni. Jana nilijikuta nimelaza mkono juu ya kimojawapo, nikipima kama Chiriku angeenea bado au amekipita. Sikuweza kujua. Ameshanifika wapi siku hizi, kiunoni?

Hewa ya wodi hiyo nimeipima mara ya kwanza, imekataa. Pengine kutakuwa na kuchelewa kidogo. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako muda mrefu bila kuijibu. Nikisema nilikuwa na shughuli nitakuwa nakudanganya.

Hatujambo. Bati bado linavuja. Jirani wa juu amejifungua mapacha, huko usingizi umekwisha.

Nimemwandikisha Chiriku shule ya hapa. Shule haingoji mtu, na wewe ulisema mwezi wa tano, halafu ukasema kuchelewa kidogo. Mimi nimekuwa mtu mzima siku nyingi, najua hicho "kidogo" kikoje. Sare imeshashonwa. Ni kubwa, ataikulia.

Jambo moja nakuambia mwenyewe ili usilisikie kwa mtu. Hakuulizi tena jioni. Nawasha jiko, anakaa pale pale, anaongea habari za paka, za mapacha, za mvua, halafu tunakula. Mwanzoni nilifikiri amechoka siku hiyo. Sasa naona amechoka kuuliza.

Amefika kiunoni kwangu. Kwako sijui, wewe ni mrefu.

Mama yako


20 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwenye kituo cha basi, nikaacha mabasi yakapita.

Nilikuandikia "kuchelewa kidogo" kana kwamba ni mvua, jambo lisilo na mwenyewe. Lina mwenyewe. Acha nikusimulie.

Wodi ya watoto ilipokataa mara ya pili, Bwana Kesho alinifuata nikiwa nafungua sanduku la pampu. Akafunga mlango taratibu, akaongea kama kaka.

"Dada, imebaki wodi hii moja tu, wote twende kwetu. Weka mashine zako hapo koridoni. Korido na wodi si hewa ile ile?"

"Mkataba unasema ndani, katikati ya chumba, na feni ipulize kwanza kila kona ili vumbi liamke."

"Mkataba umeandikwa na watu wasiokuwa na watoto. Wewe huna mtoto?"

"Ninaye."

"Humtamani?"

Nikafunga sanduku la pampu. Alijua pa kugusa.

Nilitoka nje kupunga upepo, nikamkuta mwanamke kwenye benchi ana mtoto mapajani, mtoto anahema haraka haraka. Akaniona na kitambulisho changu kifuani, akaniuliza, "Dada, wodi inafunguliwa lini? Kule wanakotupeleka watoto wanalala wawili kitanda kimoja, na nauli ni mara mbili." Nikamwambia bado kidogo. Mama, lile neno lako kuhusu "kidogo" lilikuwa bado halijanifikia, lakini hapo nililisikia mwenyewe mdomoni mwangu likiwa halina maana.

Basi niliporudi nilibeba pampu nikaziweka koridoni. Nakuambia ukweli. Niliziwasha. Nikakaa kando yake nikizisikiliza zinavyonguruma, nikakuona wewe unawasha jiko, nikamwona Chiriku mlangoni, nikahesabu kwamba wiki ijayo niko nyumbani. Nilikuwa na furaha kabisa.

Muda ulipotimia nikatoa vichujio. Kila kichujio kinaandikwa kilipokaa. Nikashika kalamu niandike "wodi ya watoto, katikati", mkono ukaandika "korido". Nikakitazama. Nikachukua cha pili, nacho nikakiandika "korido". Sikukataa kishujaa, mama, usije ukawasimulia watu hivyo. Nilishindwa tu kuandika uongo kwa mwandiko wangu. Mhandisi wa hospitali alivirudisha vyote, na siku yote ile ikawa ya bure.

Kesho yake nilipima ndani kama inavyotakiwa. Ikakataa mara ya tatu, na vibaya kuliko mwanzo. Ikabidi wafungue masanduku ya taa. Juu yake kulikuwa na vipande vilivyokatwa na mafundi umeme wa zamani na kuachwa hapo hapo, vimekuwa unga. Ukiwasha feni, unga unashuka. Sasa wanabomoa na kusafisha upya, na mimi siwezi kuondoka mpaka nipime tena. Likizo yangu imefutwa. Bwana Kesho haniachii kiti tena.

Kwa hiyo ukiulizwa nani amenizuia nisimpeleke mwanangu shule siku ya kwanza, ni mimi. Mkamate mkono vizuri getini.

Mwanao


14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mara ya kwanza niliisoma barua yako nikakasirika, nikaiweka chini ya kopo la chai ili nisiione. Siku mbili kopo likawa linanitazama. Nikaitoa nikaisoma tena.

Nianze na ya mtoto. Amekwenda shule. Sare inamburuza, ananyanyua sketi kama bibi harusi. Getini hakulia. Aliyelia ni mimi, naye akaniambia niache, watu wanaona. Mwalimu alikuwa anawauliza kila mmoja kazi za wazazi. Zamu yake ilipofika akasema, "Mama yangu anazuia watu kuingia." Mwalimu akadhani wewe ni mlinzi. Sikumsahihisha, maana naona hakukosea.

Sasa ya pili. Sijawahi kukueleza sana habari za kiwanda, kwa kuwa ukitoka mule ndani jioni hutaki kurudi tena hata kwa mdomo. Tulikuwa na ugonjwa tuliouita kifua cha Jumatatu. Jumapili umepumzika, uko mzima. Jumatatu ukiingia kwenye pamba, kifua kinabana kama umefungwa kamba. Jumanne kinalegea, Jumatano unacheka. Pamba ilikuwa inaelea mpaka tunaota nyusi nyeupe, tukaitana mabibi. Unamkumbuka Shangazi Pipi, aliyekuwa hakosi pipi mfukoni? Mashine yake ilikuwa inafuata yangu. Jumatatu zake zikaanza kufika hadi Jumatano, kisha Ijumaa, mwisho hakuwa na siku nyingine. Alikufa ameketi, kwa sababu akilala hapati pumzi.

Kuna siku walikuja wakubwa kukagua hewa. Asubuhi hiyo tuliamriwa kufungua madirisha yote na kufagia kwa maji. Wakasimama mlangoni, wakavuta pumzi, mmoja wao akasema, "Mbona safi tu?" Wakaenda kula. Hakuna hata mmoja aliyefika katikati ya chumba, ilipokuwa mashine ya Shangazi Pipi.

Kwa hiyo nimekuelewa. Sijasema nimekusamehe. Hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja bila kugombana.

Yule mtoto anayehema kwenye benchi, amepata kitanda?

Mama yako


18 Julai

Mama,

Shikamoo. Hali yangu nzuri, sina cha kulalamikia ila uchovu.

Wodi ya watoto imepita. Vitanda vimerudishwa jana. Nilikwenda nikasimama katikati bila barakoa, nikavuta pumzi ndefu. Haikuwa na harufu yoyote, ni hewa tu. Bwana Kesho alikuja akasimama karibu yangu. Akasema, "Umetutesa." Nikasema, "Najua." Akaitazama treni ya ukutani, akasema ana wajukuu wawili mtaa wa nyuma ya hospitali, na wanapougua hapa ndipo wanapoletwa. Kisha akaenda kukusanya vyombo vyake.

Yule mtoto wa kwenye benchi sikumwona tena. Nimemtafuta kwa macho kila siku. Nimewauliza wauguzi, lakini bila jina wangemjuaje?

Kuna jambo jingine. Wamenipa mkataba wa majengo mengine, shule na ofisi za zamani. Ni miaka miwili, na nimekubali. Nilitaka kukuuliza tena habari ya Chiriku, lakini nimekuuliza mara mbili ukanyamaza, na nadhani huko ndiko kunijibu kwako. Sitakuuliza tena. Ana shule, ana marafiki, ana wewe. Nitakuja kila nikipata likizo, nikae naye, nirudi. Watoto wengi wamelelewa hivyo wakakua.

Chumba changu nimekipaka rangi. Sijui kwa ajili ya nani.

Mwanao


6 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Umesema hutaniuliza tena. Vizuri, mimi najibu vizuri zaidi nisipoulizwa.

Nilikuwa naogopa. Ndiyo habari yenyewe, haina ncha nyingine. Huyu mtoto ndiye sauti pekee ninayoisikia yote, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Wengine wote nawapata vipande vipande. Akiondoka nitabaki na nyumba isiyosema na masikio yasiyosikia. Kwa hiyo ulipouliza nikafanya kama sikuulizwa. Uziwi una faida zake.

Juzi nilimkuta uani amepanga viatu mstari mmoja, vyake na vyangu, anavisukuma.

"Vinakwenda wapi?"

"Kwa mama, mjini."

"Na hivi vyangu?"

"Hivyo vinasindikiza tu. Vitarudi."

Hakuwa na huzuni alipokuwa anasema. Alikuwa ameshapanga. Nikarudi ndani nikakaa, nikaona kwamba mtoto wa darasa la chekechea ana mpango, na mimi mtu mzima sina.

Basi shule zikifungwa tunakuja. Nitakaa hapo kwako mpaka akuzoee, nijue anakohifadhiwa, nimwone huyo mwalimu wake mpya. Kisha nitarudi. Usinishikilie nibaki, mjini magari yatanigonga nisisikie hata honi. Na usijibu barua hii, itatupita njiani.

Nunua ndoo ya ziada. Anaoga kama bata.

Mama yako


25 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama, na kondakta alikuamsha pale unaposhukia kama nilivyomsihi. Mjomba amenitumia ujumbe kwamba bati amelitengeneza. Nimeusoma mara mbili nikidhani ni wa mtu mwingine.

Chiriku hajambo. Shule anakwenda, anarudi na habari nyingi kuliko madaftari. Kitanda sasa ni chembamba, maana analala kwa mapana. Mwenye duka la vipuri amempa kengele ya baiskeli, na mtaa mzima unajua tukitoka na tukirudi. Ulipoketi wewe kule dirishani hataki mtu akae, ameweka begi lake.

Jana nilikwenda kumchukua shuleni. Aliniona akaja mbio, akajikwaa kwenye changarawe, goti likachunika. Akapiga ukelele, "Mama!" Nikamkimbilia, nikapiga magoti mbele yake, nikasema, "Nipo, mama nipo." Akanitazama, machozi yanatiririka, akatikisa kichwa.

"Siyo wewe. Yule mwingine."

Hukuniandikia hilo, mama, kwamba anayemwita Mama ni wewe. Katika barua zako zote mama nilikuwa mimi peke yangu. Na siku zote ulizokaa hapa alikuita Bibi, kila akikuita anasita kidogo kwanza. Nikadhani ni haya. Sasa najua mlifundishana hilo njiani, kwenye basi, ili lisiniume.

Limeniuma. Lakini sikuondoka pale, wala sikumsahihisha. Nilibaki nimepiga magoti kwenye changarawe, nikamwambia, "Yule mwingine hata mimi namtaka." Akafikiri. Akafuta pua kwa mkono wa sare. Kisha akanyoosha mikono yote miwili juu, nimbebe.

Ni mzito, mama. Nilimbeba mpaka nyumbani, na njia nzima alikuwa ananisimulia habari zako.

Mwanao